Soma Namba Kwanza: Kutafuta Chanzo cha Makosa ya Kikomo kwenye Ruta ya CNC

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, karibuni.

Ruta ya CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, imewaka, faili limepakiwa, ubao umefungwa vizuri kitandani. Kitufe cha kuanza kinabonyezwa, mota zinavuta kidogo, kisha kimya. Skrini inaandika ALARM:2. Wengi hapo huandika $X kuifungua mashine na kubonyeza tena. Ikigoma mara ya pili, wanaingia kwenye mipangilio na kuzima vikomo vyote. Kazi inaendelea, ndiyo, mpaka siku gari la mashine litakapogonga mwisho wa reli huku biti ikiwa ndani ya mbao.

Nataka kuwashawishi jambo moja. Mara nyingi kosa la kikomo si ugonjwa wa mashine. Ni hesabu isiyolingana kati ya sehemu tatu: mahali mashine inapodhani ipo, mahali ulipoweka sifuri ya kazi (pale vipimo vya faili vinapoanzia), na urefu wa safari ulioandikwa kwenye bodi. Ukizijua namba hizo, chanzo unakipata kwa kalamu kabla hujashika bisibisi.

Mifano yangu ni ya Grbl 1.1, programu ya bodi inayoongoza mota, kwa sababu ruta nyingi ndogo zinaendeshwa nayo.

Tuanze na ujumbe wenyewe. ALARM:1 maana yake swichi ya kikomo imebonyezwa, au bodi imedhani imebonyezwa. Grbl hukata mwendo papo hapo bila kupunguza kasi, kwa hiyo mota huenda zimeruka hatua. Namba za mahali zilizo kwenye skrini usiziamini tena. Ni lazima mashine irudi nyumbani, yaani iende kwenye swichi zake na kuanza kuhesabu upya, kwa $H. ALARM:2 ni jambo jingine kabisa. Hakuna kilichoguswa. Bodi imesoma mstari, imepiga hesabu, ikaona mwisho wa safari hiyo uko nje ya eneo, ikapunguza mwendo kwa utaratibu na kusimama. Mahali hapajapotea. Unafanya riseti, unafungua kwa $X, unarekebisha, unaendelea.

ALARM:8 na ALARM:9 hutokea wakati wa kwenda nyumbani tu, nitazifikia. Kuna error:15, inayotokea unaposogeza kwa vitufe kwenda nje ya eneo. Amri hupuuzwa na mashine haifungwi. Kuna error:10, ambayo ni bodi kukukatalia kuwasha kikomo cha programu, yaani mpangilio $20 unaolinda kwa hesabu bila swichi, wakati $22 ya kwenda nyumbani imezimwa. Ina haki: bila nyumbani haijui eneo linaanzia wapi.

Halafu error:9. Hii ndiyo watu hunakili na kuomba msaada, kwa sababu inajaa skrini nzima. Haina habari yoyote. Inasema tu kwamba umeendelea kutuma amri wakati mashine imefungwa. Pandisha skrini juu mpaka uone ujumbe wa kwanza kabisa; huo ndio wa kushughulikia.

Sasa ramani ya mashine, maana hapa ndipo wengi hupotea. Grbl ya kawaida huhesabu eneo lote la mashine kwa namba hasi. Nyumbani ni kona ya kulia, nyuma, juu. Pale ni karibu na sifuri, na kila unapoondoka unaenda kwenye hasi. Ukiwa na $130=400, yaani urefu wa safari ya X, mhimili wa X unaruhusiwa kuanzia 0 hadi -400. Si kutoka 0 hadi 400. Anayeandika G53 G0 X50, yaani nenda X50 kwa namba za mashine, akitegemea mashine iende katikati anapata ALARM:2, na bodi iko sahihi.

Ukitaka nyumbani iwe kushoto mbele, unaweka $23=3. Swichi zinahama, lakini hasi haihami. Ukiwa na $27=2, yaani milimita mbili za kujivuta kutoka kwenye swichi, mashine ikishafika nyumbani itaonyesha X kuwa -398. Watu huona namba hiyo na kudhani bodi imeharibika. Haijaharibika, imekuambia uko milimita mbili kutoka mwisho wa kushoto. Yapo matoleo yaliyobadilishwa na watengenezaji yanayohesabu kwa chanya, kwa hiyo kabla ya yote peleka mashine nyumbani, tuma alama ya kuuliza, usome MPos, yaani mahali pa mashine. Jibu hilo linakuonyesha ramani yako ikoje.

Kanuni ni moja: mahali pa mashine ni mahali pa kazi ukijumlisha sifuri ya kazi. Sifuri ya kazi unaisoma kwa $#, kwenye mstari wa G54.

Chukua mfano. Mashine ina $130=400. Una ubao wa milimita 390, unataka kuukata mzunguko wa nje. Umeweka sifuri kwenye kona ya kushoto ya ubao, na $# inaonyesha G54 ya X ni -397. Ubao unaishia kwenye -7, ndani ya eneo. Mbona inagoma? Biti yako ni ya milimita 6, na kukata kwa nje kunaisogeza katikati ya biti milimita 3 kutoka kwenye mstari. Hapo uko -400, ukingoni kabisa. Halafu CAM, yaani programu iliyoandaa faili la kukata, imeongeza njia ya kuingilia ya milimita 2. Umefika -402. Kazi ni ndogo kuliko mashine, na bado haienei. Ondoa njia ya kuingilia au ihamishie upande mwingine, au sogeza ubao milimita 3 kwenda kulia na uweke sifuri upya. Mipangilio usiiguse.

Mhimili wa Z ndio unaoleta alamu nyingi kuliko X na Y, kwa sababu safari yake ni fupi na kila kitu kinaikula: unene wa ubao, urefu wa biti, urefu wa kuvukia. Tuseme $132=70, urefu wa safari ya Z. Umegusisha biti juu ya ubao, na wakati huo MPos ya Z ilikuwa -8.5. CAM imewekewa urefu wa kuvukia, yaani wa kupita juu ya ubao bila kukata, wa milimita 10. Jumlisha: -8.5 na 10 ni 1.5 ya chanya. Mstari wa kwanza tu wa faili, kabla spindo, mota inayozungusha biti, haijazunguka vizuri, ALARM:2. Punguza urefu wa kuvukia uwe milimita 5, utafika -3.5, kazi itaenda. Kama vibano vyako ni virefu na huwezi kupunguza, legeza kishikio cha ruta uipandishe milimita 10 au 15, kisha ugusishe upya. Biti ikiwa imechomoza mno, iingize zaidi kwenye koleti, kibano kinachoishika, ila usiisukume mpaka igote chini.

Upande wa chini una ujanja wake. Ubao mwembamba umelala moja kwa moja kitandani, sifuri ya Z imepatikana kwenye -62. Unakata kina cha 18, kila mzunguko milimita 3. Mzunguko wa kwanza unafika -65. Wa pili -68. Wa tatu unataka -71, na mwisho ni -70. Mashine inasimama katikati ya kazi iliyokuwa ikienda vizuri, na kila mtu anaanza kulaumu waya, joto, kompyuta. Waya ni wazima. Alamu inayokuja kila mara kwenye mstari uleule wa faili ni ya hesabu. Inayokuja mahali popote ni ya umeme au ya mitambo. Shikeni tofauti hiyo. Dawa hapa ni kuinua kazi kwa ubao wa ziada chini yake, au kuishusha ruta kwenye kishikio chake.

Na ukitumia sahani ya kugusia, angalia amri ya kupima. G38.2 Z-50 ikitumwa wakati Z ya kazi ni sifuri na MPos ni -30, lengo lake ni -80. Hata kama sahani iko milimita 4 chini ya biti na mashine ingesimama pale, Grbl hukagua lengo la safari, haikagui mahali itakaposimama. Inakataa. Teremsha biti karibu kwa vitufe, kisha upime kwa Z-15.

Kuna mtego mwingine unaoumiza zaidi kwa sababu kikomo cha programu hakiuoni: G28, amri ya kwenda mahali palipohifadhiwa. Postprosesa kadhaa, yaani sehemu ya CAM inayoandika faili, huweka G28 G91 Z0 mwanzoni mwa faili, kwa nia njema ya kuinua biti. Kama hujawahi kuhifadhi mahali pa G28, thamani yake ni sifuri ya mashine kwenye mihimili yote. Sifuri ya mashine iko wapi? Palepale swichi ilipobonyezwa. Mashine ilijivuta kutoka pale kwa makusudi, sasa faili linairudisha. Kikomo cha programu kinaruhusu 0, swichi inabonyezwa, ALARM:1. Mtu anabadilisha swichi mara mbili, tatizo liko palepale. Zima G28 kwenye postprosesa. Kama unaihitaji, peleka mashine mahali salama baada ya kwenda nyumbani na utume G28.1 kupahifadhi. Badala yake unaweza kutumia G53 G0 Z-3, ikiwa $27 yako ni 2. Ni bora, maana inasomeka waziwazi.

Vipimo vya inchi nitavipitia haraka. Faili la milimita likisomwa kwa G20, amri ya inchi, kila urefu unazidishwa kwa 25.4, safari ya 50 inakuwa 1270. Hakikisha G21, ya milimita, imo kwenye mistari ya mwanzo. Vivyo hivyo G91, ya mwendo wa kupimwa kutoka ulipo, iliyosahaulika: kila safari inajumlishwa juu ya iliyopita mpaka eneo linaisha. Riseti ya Grbl inarudisha G21 na G90, ya mwendo wa kupimwa kutoka sifuri, ndiyo maana tatizo hili wakati mwingine linapotea lenyewe baada ya kuzima na kuwasha, na kurudi mtu akiandika tena amri ileile.

Ili kuujua mstari wenye kosa, usitegemee mstari ambao programu ya kutuma imeung'arisha. Grbl hupokea mistari mingi mapema na kuipanga kabla ya kuitekeleza, kwa hiyo biti iko nyuma ya mstari uliosomwa. Tumia $C. Hiyo ni hali ya ukaguzi: faili linasomwa lote, hakuna mota inayozunguka, na vikomo vya programu bado vinafanya kazi. Tuma mstari mmojammoja, usubiri jibu la kila mmoja. Ule unaoleta ALARM:2 ndio wenyewe. Kutoka kwenye hali hiyo kunafanya riseti, kwa hiyo kama uliweka sifuri kwa G92 itakuwa imefutika. Sababu mojawapo ya kupenda kuweka sifuri ya kazi kwa G10 L20 P1 kuliko G92.

Twende kwenye ALARM:1 isiyoeleweka, ile inayotokea gari la mashine likiwa katikati ya meza.

Pini za kikomo kwenye bodi za Arduino Uno zinashikiliwa juu na rezista ya ndani ya chipu, kati ya kilo-omu 20 na 50. Huo ni mshiko dhaifu. Waya wa mita moja na nusu uliolala kando ya waya wa spindo unaokota umeme wa kutosha kuiyumbisha pini, na Grbl haihitaji zaidi ya mdundo mmoja. Dalili yake: alamu inakuja spindo ikiwashwa, ikizimwa, au ikibanwa na mbao ngumu.

Pima kwa mpangilio. Spindo ikiwa imezimwa, tuma alama ya kuuliza na utazame kama kuna Pn:, yaani orodha ya pini zilizobonyezwa, kwenye jibu. Isiwepo herufi yoyote ya X, Y au Z hapo. Bonyeza kila swichi kwa kidole, uone herufi yake ikitokea na kutoweka. Kisha washa spindo bila kusogeza chochote, subiri dakika mbili. Kisha washa kifyonza vumbi, kwa sababu bomba la plastiki linalopitisha unga wa mbao hujaza umeme tuli na kuurusha kwenye fremu. Mwishowe endesha faili hewani. Hatua alamu inapotokea, umempata mhalifu.

Mkibadilisha kitu kimoja tu, badilisheni swichi ziwe za aina ya kufunga wakati wa kawaida, yaani umeme unapita mpaka swichi ibonyezwe. Pini inakuwa imeunganishwa moja kwa moja na ardhi muda wote, na kelele za umeme hazina nguvu ya kuipandisha kirahisi. Waya ukikatika, mashine inasimama badala ya kuendelea bila ulinzi. Weka $5=1 kugeuza maana ya pini. Kwenye Grbl 1.1 $5 ni ya mihimili yote kwa pamoja, kwa hiyo usichanganye aina mbili za swichi. Utakachopata ni mhimili mmoja ulio kwenye alamu daima.

Baada ya hapo ongeza rezista ya kilo-omu 4.7 kutoka kwenye pini kwenda volti 5, na kapasita ya nanofaradi 100 kutoka kwenye pini kwenda ardhi, vyote karibu na bodi, si kule kwenye swichi. Waya uwe wa jozi iliyosokotwa, wenye kinga ya nje iliyofungwa ardhini upande mmoja tu, upande wa bodi. Uutenge na waya wa spindo na wa mota. Ikibidi vipishane, vipishane kwa pembe mraba. Kuongeza $26, muda wa kusubiri swichi itulie, hakusaidii kelele hizi. Mpangilio huo hutumika wakati wa kwenda nyumbani pekee, ingawa ushauri wa kuupandisha hauishi kuzunguka.

Wenye CNC Shield V3, bodi inayochomekwa juu ya Arduino Uno, angalieni Z. Bodi hiyo ilichorwa kwa toleo la zamani: soketi iliyoandikwa kikomo cha Z inaenda pini ya 11. Grbl ya sasa, ikiwa na udhibiti wa kasi ya spindo, imehamisha kikomo cha Z kwenda pini ya 12, na ya 11 inatoa mawimbi ya kasi ya spindo. Swichi ya Z iliyochomekwa palipoandikwa Z haisikiki. Ihamishie kwenye pini ya kuwashia spindo.

Mashine ikiwa imekwama juu ya swichi: riseti, $X, kisha uiondoe kwa vitufe milimita moja moja. Ikilia tena kila ukigusa, weka $21=0 kuzima swichi za kikomo, iondoe, urudishe $21=1 papo hapo, halafu $H. Usiondoke kwenye kiti kabla hujairudisha.

Sasa kwenda nyumbani. Kabla ya $H yoyote kwenye mashine mpya, sogeza kwa vitufe: X ya chanya iende kulia, Y ya chanya iende nyuma, Z ya chanya ipande. Isipokuwa hivyo, rekebisha $3, mpangilio wa mwelekeo wa mota. Baada ya hapo tu ndipo uguse $23 kuchagua kona ya nyumbani. Mwenye kugeuza utaratibu huu anaweza kufika nyumbani salama kabisa na kukata maandishi yaliyopinduka kama kwenye kioo.

ALARM:9 ina maana swichi haikupatikana ndani ya umbali wa kutafuta, ambao ni mara 1.5 ya urefu wa safari. Grbl hutoka na urefu wa milimita 200 kwa kila mhimili. Mashine ya milimita 400 yenye mpangilio huo itatafuta 300 tu, na kama gari liliachwa upande wa mbali halifiki. Kuandika upya programu ya bodi au kutuma $RST=$ kunaweza kurudisha namba hizo za mwanzo bila wewe kujua, basi nakili jibu la $$, orodha ya mipangilio yote, kwenye faili na ulihifadhi. Sababu nyingine ni hatua kwa milimita. Mota ya hatua 200, dreva ya mgawanyo wa 16, mkanda wa GT2 na puli ya meno 20: 3200 gawanya kwa 40, sawa na 80. Skrubu inayosonga milimita 8 kwa mzunguko: 400. Ukiacha 250 ya mwanzo kwenye skrubu hiyo, mhimili unatembea chini ya theluthi mbili za umbali ulioagizwa.

ALARM:8 ni mashine imejivuta na swichi bado imebonyezwa. Pandisha $27 kutoka 1 hadi 3. Isipotosha, tazama ulimi wa swichi kama umepinda. Na kama umeunganisha swichi za ncha zote mbili kwenye pini moja, usianze $H gari likiwa limekalia swichi ya upande wa mbali. Grbl haijui ni ipi kati ya hizo mbili, itadhani imefika, na itajivuta kuelekea ukingoni.

Ukishaweka hatua kwa milimita sawasawa, ndipo pima urefu wa safari. Zima $20, nenda nyumbani, sogeza taratibu mpaka karibu na ukingo wa mbali, bakisha milimita 3 kabla ya chuma kugusa chuma, soma MPos. Ikisema -412, weka $130=410. Washa $20.

Kunabaki hali moja ambapo namba zote ni sahihi na bado swichi inagongwa: hatua zimepotea njiani. Nenda nyumbani, tuma G53 G0 X-200, chora alama ya penseli kwenye reli palipo na ukingo wa gari. Endesha faili hewani, bila kurudi nyumbani, kisha tuma tena G53 G0 X-200. Alama ikihama, tafuta skrubu ndogo ya puli au ya kiunganishi cha mota iliyolegea, mkanda uliolegea, unga kwenye reli. Kisha punguza $120, mchapuko wa X, kwa nusu na ujaribu tena. Alama isipohama hewani lakini inahama ukikata mbao, biti inazidiwa: punguza kina cha mzunguko au kasi ya kusogea.

Kwa wanaotumia LinuxCNC, programu ya kompyuta inayoendesha mashine, mambo ni haya haya, ila vikomo vimeandikwa kama MIN_LIMIT na MAX_LIMIT kwenye faili la INI, na ujumbe hutaja mhimili na mstari, jambo linalorahisisha kazi. Kitufe cha kupuuza vikomo kilichopo pale ni cha kuitoa mashine kwenye swichi kwa safari moja. Si cha kumalizia kazi.

Maswali sasa. Anayeuliza, aje na jibu la $$ na la $#.